Naomba ushauri: wanga na selulosi vinanichanganya

Habari zenu ndugu zangu. Ndio naanza biolojia, na nimekwama kwenye molekuli za uhai, hasa kabohaidreti.

Ninachoelewa ni hiki: wanga na selulosi (ile inayojenga kuta za seli za mimea) vyote vimejengwa kwa glukosi, sukari rahisi yenye fomula C6H12O6. Tofauti iko kwenye kaboni namba 1. Kwenye glukosi ya alfa, inayojenga wanga, kundi la OH (oksijeni na hidrojeni) linatazama chini. Kwenye glukosi ya beta, inayojenga selulosi, linatazama juu. Kitu kidogo hivyo, lakini wanga tunaumeng'enya, selulosi vimeng'enya vyetu haviiwezi kabisa! Jambo hili limenivutia mno, ndiyo maana sitaki kulikariri tu.

Nimejaribu kuchora, kisha nikafinyanga glukosi kwa udongo na njiti. Za alfa ziliungana vizuri, kaboni 1 kwa kaboni 4, na mnyororo ukaanza kujipinda. Za beta zikagoma: OH ya kaboni 1 iko juu, ile ya kaboni 4 ya jirani iko chini, hazikutani. Nilipoigeuza glukosi ya pili juu chini, zikakutana na mnyororo ukanyooka.

Sasa naomba kuuliza: je, ni sahihi kugeuza kila glukosi ya pili, au nimelazimisha? Na kama glukosi ikiwa ndani ya maji hubadilika yenyewe kutoka alfa kwenda beta na kurudi, kwa nini ikishafungwa katikati ya mnyororo haibadiliki tena?

Mwenye njia rahisi ya kunielewesha, hata mchoro wa mkono, tafadhali anisaidie. Natanguliza shukrani.