Vikokotoo vya grafu kwenye mitihani: viendelee au vipishe?

Mzizi_Pacha: Wakuu, nina swali. Casio walitoa kikokotoo cha kwanza cha grafu, fx-7000G, mwaka 1985. TI-84 Plus ilikuja 2004, na prosesa yake ni ya ukoo wa Z80, chipu ya miaka ya 1970. Leo programu za grafu kama GeoGebra na Desmos zinachora vizuri kuliko hizo zote, tena bure. Kwa nini mtahiniwa alazimishwe kununua mashine ya kazi moja?

Mwalimu_wa_Zamu: Kwa sababu haina intaneti. Wewe hujawahi kusimamia chumba cha watahiniwa mia moja. Simu moja tu ikipenya, mtihani wote una mashaka. Na tusifichane, wengi wanaolilia programu ni wale wasioweza kuchora y = x² kwa penseli.

Betri_Nne: Mwalimu, hapo mwisho umetukosea. Mimi nilichora kwa penseli miaka yote, nikaingia mtihani na kikokotoo cha kuazima, betri zikaisha swali la tatu. Uvivu wangu uko wapi hapo?

Mwalimu_wa_Zamu: Sikukutaja wewe. Nimewataja wanaobonyeza bila kufikiri.

Betri_Nne: Umesema "wengi". Umewahesabu?

Mzizi_Pacha: Jamani, turudi kwenye swali. SAT, mtihani wa kuombea chuo Marekani, wameshaweka Desmos ndani ya mtihani wenyewe tangu 2024.

Kipeo: 2024 ni kwa Marekani kwenyewe, mkuu. Watahiniwa wa nje walianza 2023. Na bado wanaruhusiwa kuja na kikokotoo chao.

Mzizi_Pacha: Asante kwa sahihisho. Lakini hoja imesimama: programu imo ndani ya mtihani na mtahiniwa hawezi kutoka kwenda kutafuta majibu.

Mwalimu_wa_Zamu: Kila mtahiniwa awe na kompyuta, basi! Umeme ukikatika je? Penseli haikatiki umeme.

Kipeo: Penseli tena! Mwalimu, chora y = x³ − 50x kwa jedwali la x kuanzia −2 hadi 2. Utapata kitu kama mstari ulionyooka, uape ni mstari. Vipeo, pale grafu inapogeuka, viko karibu na x = 4.08 na −4.08, urefu wa 136 hivi juu na chini. Mwanafunzi akivuta grafu kwa kidole kwenye skrini anaviona mwenyewe, anauliza kwa nini. Kwangu swali hilo ndilo hisabati.

Mwalimu_wa_Zamu: Anayejua kutafuta kinyambuo, yaani mteremko wa grafu, hahitaji kuvuta kidole. Anakiweka sawa na sifuri, 3x² = 50, amemaliza. Wewe umemfundisha kuona, mimi namfundisha kujua.

Kipeo: Na aliyekosea kinyambuo atajuaje kama hajaona?

Darubini: Nawasoma tangu mwanzo. Mnadhani kikokotoo ni kisafi kwa kuwa hakina intaneti? Kina kumbukumbu. Fomula zinaandikwa humo kama programu, ndiyo maana vingine vimewekewa hali ya mtihani, inayozifungia fomula hizo, yenye taa inayomweka ili msimamizi aone. GeoGebra nayo ina hali ya mtihani. Kwa hiyo kote mnategemea macho ya msimamizi.

Mwalimu_wa_Zamu: Taa naiona nikiwa mlangoni. Skrini mia siwezi kuzisoma.

Betri_Nne: Hilo nakubali. Lakini bado hujaniomba radhi.

Mwalimu_wa_Zamu: Ndugu, kwa betri zako pole, kwa dhati. Kwa penseli sirudi nyuma.

Mzizi_Pacha: Basi nibadilishe swali: kwa nini mtihani usigawanywe, karatasi moja bila mashine yoyote, nyingine na programu iliyofungwa? Mwalimu, hapo utapinga nini?

Mwalimu_wa_Zamu: Ipi inatangulia?

Kipeo: Hapo ndipo tutakesha.