Naomba ushauri: kuzamia kwenye mabaki ya meli Ziwa Michigan

Ndugu wazamiaji, natumaini hamjambo. Mimi ni mkazi wa Nairobi na nilijifunza kuzamia kule Diani, kwenye maji ya chumvi yenye joto, ambako suti nyembamba ya kuzamia inatosha kabisa. Mwezi Agosti natarajia kumtembelea dada yangu Chicago (yeye anadhani nakwenda kumsalimia tu), na ningependa kuyaona mabaki ya Silver Spray, meli ya abiria iliyokwama mwaka 1914 kwenye mwamba wa Morgan Shoal, karibu na ufuo wa Hyde Park, mahali penye kina kifupi kiasi kwamba boila lake huchomoza maji yanapopungua.

Linalonitatiza zaidi ni uzito, yaani vyuma vya mkandani vinavyomsaidia mzamiaji kuzama. Kwa kuwa maji ya bahari ni mazito kuliko ya Ziwa Michigan, yasiyo na chumvi, kwa takribani asilimia 2.5, mzamiaji mwenye kilo 100 pamoja na vifaa vyake anapaswa kuondoa kilo mbili na nusu hivi mkandani. Lakini suti nene nayo huelea zaidi, hivyo sielewi kama nipunguze au niongeze. Wenye uzoefu wa suti ya milimita 7 huanzaje?

Vilevile, naona kina kifupi si usalama, kwani wimbi linaweza kumsukuma mtu kwenye chuma chenye kutu na kome wenye makali. Je, mnashauri nibebe mtungi wa hewa, au miwani na mrija vinatosha?