NENO LA SIRI KALIANDIKA KWENYE KUNDI! Halafu akatutakia wikendi njema

Sauti_ya_Kadutu (Bukavu)
Ndugu zangu, niacheni nipige kelele. Hasira niliyo nayo usiku huu ingewasha taa kuanzia Panzi hadi Bagira, bwawa la Ruzizi likapumzika.

Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa makoti, anayeitwa mtaalamu kwa sababu tu hatembei bila begi la kompyuta. Leo kachukua sauti zote za akina mama wa soko la Kadutu, tulizorekodi kwa utafiti na kuzifunga kwa neno la siri, kazimwaga kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake, CHINI YAKE HAPO HAPO, kaandika neno la siri. Kisha: "Wikendi njema."

Wikendi njema!

Mama wale walikaa nasi wakatueleza mambo ya likelemba, ule mchango wa kupokezana pesa kwa zamu: nani alikula zamu ya mwenzake, nani anamficha mume faida, nani anadaiwa na jirani. Walikubali kwa sababu tuliwaahidi kwamba sauti zao hazitatoka nje ya watu wa utafiti. Kwenye kundi lile kuna shemeji zao! Kuna wanaodai na wanaodaiwa! Mchungaji yumo, fundi wa jenereta yumo, nadhani na samaki sambaza wa Ziwa Kivu wamo.

Na kazi ilifanywa vizuri. Tulirekodi WAV, yaani sauti nzima isiyobanwa: 48 kHz, biti 24, stereo. Saa moja inakula karibu giga 1. Nikabana kwa FLAC, ikashuka hadi kama nusu, na hapo hakuna kinachopotea: ukifungua unapata sauti ile ile, biti kwa biti. Ndipo nikafunga kwa programu ya 7-Zip, kwa kufuli ya AES-256, hata majina ya mafaili hayaonekani. Unabana kwanza, unafunga baadaye, maana kilichokwisha fichwa hakibaniki tena. Neno la siri nikamwambia kwa simu, kwa mdomo, ili lisikae pamoja na mafaili. Akajibu "nimeelewa, dada." KAELEWA NINI? Kaelewa kuliandika mbele ya shemeji za watu!

Na bado. Kwenye diski ya ofisi kageuza kila kitu MP3 "ili ziwe nyepesi" na kufuta za asili. Nikamuuliza, ananiambia eti kuna programu ya kurudisha MP3 iwe WAV. Muhogo ukishakuwa unga, hata uumwagie maji ya ziwa lote haurudi kuwa muhogo. Faili litanenepa, sauti iliyotupwa haitarudi. Lakini hilo nitalilia kesho. Leo nalia neno la siri. Kwenye kundi. Na wikendi njema.

Mwana_Nguba
Yaya, ule mutu namujua! Njo yule alituma bajeti ya harusi ya mwenzake kwa wakwe. Tangu siku hiyo mimi namuambia hali ya hewa tu.

Mama_Vitenge
Mimi nauza Kadutu. Niambie haraka kama sauti yangu imo, nijue kama leo napika ao nakimbia.

Sauti_ya_Kadutu
@Mama_Vitenge mama, nitakuja mimi mwenyewe tuongee, si hapa. Mna haki ya kujua, kila mmoja wenu.

Patro_wa_Essence
Wewe nawe unalia sana. Badilisha neno la siri, mambo yaishe.

Sauti_ya_Kadutu
Kubadilisha nini, patro? Aliyekwisha shusha faili ana nakala inayofunguka kwa neno lile lile hadi kiama! Hata bwana yule akifuta ujumbe kwa wote, hafuti kilichohifadhiwa kwenye simu ya shemeji. Na haombi radhi, anaweka kidole gumba!

Patro_wa_Essence
Lakini MP3 inasikika vizuri. WAV ni kiburi cha watu wa chuo.

Bwana_Praat
Patro, acha. MP3 imetengenezwa itupe yale ambayo sikio la kawaida halitagundua kuwa hayapo. Sisi tunaopima sauti za lugha ya Mashi kwa kompyuta huenda tukayahitaji hayo hayo. Akitaka nyepesi ya kusikiliza tu, atengeneze pembeni nakala ya Opus, aina nyingine ya sauti nyepesi, ya asili asiiguse. Dada, nakala nyingine unayo?

Sauti_ya_Kadutu
Ninayo, FLAC zote, na alama za SHA-256 za kuhakikisha hakuna kilichobadilika. Mama wale hawatapoteza maneno yao. Walichopoteza ni siri, na hiyo sina pa kuirudisha. Alikuwa na simu mkononi! Angenipigia!

Goma_Majivu
Ninyi wa Bukavu mnalia juu ya kundi? Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, mkubwa wetu alikuwa na nakala mbili za mahojiano. Moja mezani. Ya pili kwenye droo ya MEZA HIYO HIYO. Ilipotoka amri ya kuhama tukaondoka na watoto na magodoro, nakala zote mbili zikabaki zinalinda nyumba. Nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja mji mwingine: kila mtu analijua hilo. Yeye alijua droo.

Sauti_ya_Kadutu
@Goma_Majivu pole kabisa, ila wako hakuliandika neno la siri kwenye KUNDI.

Goma_Majivu
Wangu hakuweka neno la siri lolote, dada. Tushindane?

Lushi_Katuba
Afazali ninyi muko na diski. Mimi huku Lubumbashi nina faili la giga 6, flashi inakataa, inasema haina nafasi, na iko tupu!

Bwana_Praat
Hiyo flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, haipokei faili la kufika giga 4. Ifomati iwe exFAT, mfumo unaopokea mafaili makubwa, ao ukate faili vipande kwa 7-Zip. Kama kuna chochote ndani, kiokoe kwanza.

Lushi_Katuba
Aksanti. Nimefomati. Sasa inasema ina tera 2.

Mwana_Nguba
Tera 2 uliinunua bei gani?

Lushi_Katuba
Bei ya sahani ya bukari na samaki.

Bwana_Praat
Ni ya uongo. Wamebadilisha namba ndani ili idanganye kompyuta. Ikijaa nafasi yake ya kweli, kinachofuata kinapotea kimya kimya. Ijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya kuweka kitu.

Mama_Vitenge
Hata mimi waliniuzia ya hivyo! Picha za ubatizo wa mtoto wangu zote nyeusi!

Sauti_ya_Kadutu
Jamani, tulikuwa tunaongelea neno la siri.

Goma_Majivu
Mama, ulinunua wapi? Kijana mwenye meza ya simu, anayeapa kwa jina la mama yake?

Mama_Vitenge
Njo huyo huyo! Na chaja yake imeniunguzia simu!

Patro_wa_Essence
Mleteni huyo kijana hapa. Ana betri yangu.