Mutoto anagonjwa gonjwa tangu aanze maternele, ile siro ya nguvu ya mwili inasaidiaka kweli?

mama_wa_batatu (Goma, Himbi)
Jambo yenu bamama na bapapa. Niko na kijana wa miaka 3 na miezi 2, alianza maternele mwezi ya tisa, na tangu pale kwangu hakuna amani. Wiki moja makamasi, wiki yenye inafata kikohozi, anapona siku ine, ya tano anaamuka tena mwili moto. Dada zake babili habakukuwaka hivi, ao labda nilisahau. Jirani akaniambia mutoto hana basoda mu mwili, ile nguvu ya kupiganisha magonjwa, nimuuzie siro ya vitamini. Bon, nikaenda ku farmasi, wakanipatia chupa ya dola 8, imeisha, hakuna kenye kimebadilika, sasa yule wa farmasi anasema niongeze ya pili pamoja na antibiotiki "ya kusafisha kifua". Bwana yangu ameanza kununa ju ya feza. Munafanyaka aje nyinyi? Na kama kuko chakula yenye inaleta basoda muniambie, ila musinitajie bintu bya bei kali ju maisha ya hapa munaijua.

baba_ndosho
Pole mama. Mukubwa wangu naye mwaka ya kwanza ya masomo alikuwa hivyo hivyo, ku parsele walikuwa wanamuita Mzee Kikohozi, leo anacheza mupira kutwa na mvua inamunyeshea wala hasikii kitu. Niulize kimoja tu, babula, ile jiko ya makala, munawashiaka wapi? Ju sisi tulikuwa tunaiingiza ndani magaribi, nyumba ya mbao, baridi, tunafunga na mulango, kumbe mutoto njo analala mu ule moshi. Tulivyoitoa inje kikohozi ya usiku ilipunguka, siseme iliisha yote, ilipunguka.

tantine_wa_CPS
Mama wa batatu, miye niko muganga ku santre de sante, batoto chini ya miaka tano njo kazi yangu ya kila siku, acha nikuambie polepole. Mutoto mudogo kupata gripe mara 6 ao 8 mu mwaka ni kawaida, na wenye wanaanza masomo wanapitisha hata pale, ju bale basoda wenye jirani anasema hawazaliwe wakijua maadui wote, wanawajua mumoja mumoja kwa kukutana nao, na mu klase moja ya batoto 40 wenye wanapanguza makamasi na mikono wanakutana nao wote kwa mara moja. Donke huyu wako si kusema mwili haina nguvu, mwili iko inasoma.

Antibiotiki achana nayo mpaka muganga amusikilize kifua. Gripe inaletwa na virusi, antibiotiki haiue virusi, na ukimupa ovyo siku atakuwa na ugonjwa wenyewe dawa itagoma. Siro nayo, kama mutoto anakula hata kidogo kidogo, haitamuongezea basoda. Na vitamini A ikizidi inaweza kumuumiza, si kila chupa ni ya kunywa ju iko tamu.

Kenye miye ningeangalia kwanza ni karte yake. Iko na chanjo ya surua mara mbili, ya miezi 9 na ya miezi 15? Hapa bamama wengi wanakuja ya kwanza, ya pili hawarudi, mutoto ametembea, wanaona imetosha. Surua ni mubaya kupita vile watu wanafikiri, ikimushika mutoto inafuta ile kumbukumbu ya mwili, magonjwa mingi yenye basoda walikuwa wanajua wanaisahau, inabidi waanze kuisoma tena. Kiisha uangalie kama alipata vitamini A, ile kapsule nyekundu wanakata wanamukamulia mu kinywa, na dawa ya minyoo, bile byote ni kila miezi 6.

Chakula, usitafute mbali. Sambaza, bale basamaki badogo, akule nzima na mifupa yake. Lenga-lenga na tone ya mawese ndani. Maharagi ukamulie ndimu juu, ju ndimu inasaidia mwili kupata ile feri yenye inajenga damu, lakini chai usimupe pamoja na chakula, chai inaifunga. Alale mapema, umuri ule anahitaji masaa 10 mpaka 13 ukihesabu na usingizi ya muchana. Na musikitere, malaria ikimurudilia rudilia damu inaisha, hakuna siro itashinda ile.

Mwili ikiwa moto sana usikae ukisema ni gripe tu, apimwe malaria. Na akianza kupumua mbio, mara 40 kupanda mu dakika moja akiwa ametulia, ao mbavu zinaingia ndani, ao anakataa kunywa, usingoje asubui.

bibi_majengo
Siye tulikuwa tunawapa asali na tangawizi na wakakomaa.

tantine_wa_CPS
Bibi, huyu ana miaka 3, kijiko kimoja cha asali hakina shida, inatuliza na kikohozi. Ila mwenye hajafikisha mwaka moja, apana kabisa, asali inaweza kuwa na kadudu kenye kinalegeza mwili ya kitoto mpaka pumzi inakatika.

bibi_majengo
Ile sikuijua. Na ile maziwa ya kwanza ya njano, wakati yetu mama mukwe alikuwa anasema umwange, eti ni chafu.

tantine_wa_CPS
Kumbe ile njo basoda wenyewe bibi yangu, mama anawatuma bure.

mama_wa_batatu
Aksanti tantine, aksanti baba Ndosho. Nimetafuta karte usiku wote, nimeikuta ndani ya ndoo ya mahindi. Surua ya kwanza iko na tarehe, ya pili nafasi iko wazi, ile wakati tulikuwa tunahama hama sikukumbuka. Kesho asubui niko naenda naye. Babula nimeitoa inje, lakini mvua ikinyesha sijui nitapikia wapi.

baba_ndosho
Tafuta bati mbili na miti ine, uje utuambie surua wamesema nini.