Ushauri wa haraka: mwanangu ana selimundu, kachomwa sindano mkojo umekuwa mweusi. Nimtoe wodini?

Mama Tunu
Wakuu, habari za usiku. Niko kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Binti yangu ana miaka 6, ana selimundu. Leo asubuhi tumelazwa kwa homa kali, akaanzishiwa antibayotiki ya mshipa, seftriaksoni. Dozi ya kwanza saa mbili asubuhi, ya pili saa mbili usiku. Hata nusu saa haikupita akaanza kulia mgongo na kutetemeka baridi. Nikamkingia mkojo kwenye chupa ya maji niliyoikata: mweusi kama soda ya kola. HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, asubuhi ilikuwa 7.4, sasa hivi wanasema 3.9. Viganja vimekuwa vyeupe, hata mistari yake siioni. Wanahangaika kutafuta damu. Shemeji yuko njiani na gari. Nikisaini kumtoa usiku huu, atafika hospitali nyingine salama?

Babu Kigoda
Pole sana binti yangu. Selimundu ni maji. Mpe maji mengi, juisi ya rozela, na tembele usikose. Marehemu kaka yangu aliishi nayo mpaka akapata wajukuu.

Dada wa Mbezi
Mtoe haraka! Wangu alizaliwa njiti, wakamchoma gentamisini siku nyingi. Hakuna aliyeniambia kama inaweza kuharibu masikio. Nilijua siku mlango ulipojibamiza kwa upepo, nyumba nzima tukaruka, yeye akaendelea kunyonya kama hakuna kilichotokea. Leo ana miaka 9, masikio yote mawili hayasikii. Kwa hiyo ninapokwambia mtoe nina sababu zangu.

Mja wa Mungu
Kina mama wa siku hizi simu kwanza, dua baadaye. Zima data, piga goti.

Tabibu wa Zamu
Mama Tunu, rozela tuiache kwanza. Na Dada wa Mbezi pole sana, ila hiyo ni dawa nyingine na madhara mengine. Mama, mtoto ameshawahi kuchomwa seftriaksoni kabla ya leo? Lini? Baada ya hapo mkojo ulikuwaje?

Mama Tunu
Watoto wa selimundu nani hajachomwa? Hilo halihusiani. Mimi nauliza kuhusu safari, ni kama saa moja na nusu tu.

Tabibu wa Zamu
Linahusiana kuliko hiyo safari. Nijibu.

Mkweli Mtupu
Wakuu hii ni chai. Akaunti imefunguliwa leo, mtoto ana HB 3.9, na mama anaandika aya zimenyooka mpaka na nukta za namba! Akiulizwa swali moja la maana anakwepa. Subirini, muda si mrefu inakuja namba ya kutuma mchango.

Kijana wa Bandari
Hata mimi nimenusa. Mwezi uliopita tulichanga humu kwa "mgonjwa" ambaye hakuwepo.

Dada wa Mbezi
Jamani, kama ni kweli je?

Mama Tunu
Sijaomba hela wala sitaomba. Akaunti nimefungua leo kwa sababu leo ndiyo nimekosa wa kumuuliza. Na namba ninazijua kwa sababu miaka sita naziandika mwenyewe kwenye daftari la kliniki.

Haya, nasema. Mwezi wa tatu alipata homa, sina bima, nauli sina. Kijana wa duka la dawa mtaani kwetu akawa anakuja kumchoma seftriaksoni nyumbani, siku tano. Siku ya mwisho mkojo ulitoka mwekundu na macho yakawa ya njano. Nikajiambia hajanywa maji. Leo asubuhi nesi aliuliza kama kuna dawa inamdhuru, nikasema hakuna. Ningesemaje? Yule kijana alinisaidia wakati hakuna mwingine. Sasa hivi nikisema wataona mama ndiye kamuua mtoto. Kule kwingine tutafungua faili jipya, nitaeleza vizuri tangu mwanzo.

Tabibu wa Zamu
Mama, nisikilize. Ni nadra sana, ila ipo. Mwili ulishaizoea dawa kwa ubaya, ukatengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi yake. Dawa ikirudi, zile kingamwili zinashambulia chembe nyekundu, zinapasukia ndani ya mishipa, na rangi yake ndiyo hiyo uliyoikinga kwenye chupa. Watoto wa selimundu wanachomwa dawa hii mara kwa mara, ndiyo maana yanawapata. Mwaka 1995 madaktari walichapisha habari ya mtoto wa selimundu aliyefariki hivi hivi.

Inaweza pia kuwa malaria au kitu kingine. Waombe wapime malaria na kipimo cha Coombs, kile cha kuangalia kama kingamwili zimeshika chembe nyekundu. Lakini dozi ya saa mbili asubuhi isiingie kabla hujasema. Na usikatae antibayotiki zote! Wengu wake haumlindi, homa peke yake inaweza kumuua. Wambadilishie ya kundi jingine.

Kuhusu gari: kwa HB 3.9, saa moja na nusu barabarani bila damu, moyo unaweza kushindwa. Na huko mnakokwenda, mtoto wa selimundu mwenye homa, ukichelewa kufungua mdomo, anaweza kuanzishiwa sindano hiyo hiyo. Nenda meza ya manesi sasa hivi.

Mkweli Mtupu
Bado sijaamini asilimia mia. Ila mtoto ni grupu gani, na uko mkoa gani? Mimi ni O.

Mja wa Mungu
Mimi naendelea kumuombea. Jina lake nani?

Mama Tunu
Saa saba na robo. Nimesema. Daktari wa zamu hakunigombeza, aliuliza tu tarehe, nikampa daftari. Ameandika kwa kalamu nyekundu juu ya faili: ASICHOMWE SEFTRIAKSONI. Damu chupa ya kwanza inaingia, naihesabu matone. Malaria hana, Coombs wamechukua sampuli. Shemeji kafika, gari limebaki nje, yeye yuko maabara anatoa damu.

Waliniuliza nani alimchoma nyumbani. Hilo sikulijibu.