Naomba ushauri: Kabuki au rakugo, nina jioni moja tu Tokyo

Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao napita Tokyo kikazi, na jioni ya mapumziko ninayo moja tu. Mimi ni mtu wa anime, katuni za Kijapani. Kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, nilianza kuifuatilia niliposikia kwamba mwaka 2015 hadithi ya One Piece ilichezwa kwa mtindo huo pale ukumbi wa Shinbashi Enbujo. Video zake zimeniteka: mwigizaji anapita kwenye hanamichi, ile njia inayopita kati ya watazamaji, ghafla anaganda, anatoa macho, na kutoka viti vya nyuma mtu anapaza sauti kumsifu. Yaani anime tupu, ile sekunde kabla ya pigo!

Sasa, ukumbi wa Kabukiza, mtaa wa Ginza, huuza tiketi za tendo moja, viti vya ghorofa ya nne. Mliowahi kukaa kule juu, hanamichi inaonekana, au unaambulia sauti tu? Mke wangu anasisitiza niende rakugo, usimulizi wa vichekesho, mtaa wa Shinjuku: mtu mmoja kapiga magoti kwenye mto, ana upepeo na kitambaa, anaigiza mtaa mzima. Ila rakugo ni maneno tu, na Kijapani changu ni cha kuokoteza. Si nitacheka wenzangu wakishamaliza? Nyie mngekata tiketi ya wapi?