ImageJ: makro inaruka picha moja moja kati ya zilizo wazi

pikseli16
Wakuu, nina picha 10 za hadubini zimefunguliwa kwenye ImageJ (programu ya kuchambua picha). Nataka kila moja ilainishwe, ihifadhiwe kama TIFF, kisha ifungwe. Makro yangu (orodha ya amri, iko hapa chini) inamaliza bila kulalamika, ila ya 2, 4, 6, 8 na 10 zinabaki wazi, hazijaguswa. Ni RAM?

```
dir = getDirectory("Choose a Directory");
for (i=1; i<=nImages; i++) {
  selectImage(i);
  run("Gaussian Blur...", "sigma=2");
  saveAs("Tiff", dir + getTitle());
  close();
}
```

lenzi_kavu
RAM haihusiki. `selectImage(i)` hapo inahesabu nafasi kwenye orodha ya picha zilizo wazi, na orodha inasogea kila ukifunga moja. Ukifunga ya 1, iliyokuwa ya 2 inashika nafasi yake. `i` ikifika 2 unaikamata iliyokuwa ya 3. Tena `nImages` (idadi ya picha zilizo wazi) inasomwa upya kila mzunguko: ukishafunga 5, `i` ni 6 na zilizobaki ni 5, lupu inakoma. Ndiyo maana huoni kosa lolote.

Kusanya ID (namba ya utambulisho ya kila picha) zote kabla ya kugusa chochote:

```
n = nImages;
ids = newArray(n);
for (i=0; i<n; i++) {
  selectImage(i+1);
  ids[i] = getImageID();
}
```

Kisha lupu ya pili, `i` kuanzia 0 hadi `n-1`, iite `selectImage(ids[i])` na kazi yako ifuate. ID ni namba hasi. Ukimpa `selectImage` namba chanya ataichukulia kuwa nafasi.

mstari_wa_7
Kwa kufunga tu, kuhesabu kurudi nyuma kunatosha: `for (i=nImages; i>=1; i--)`. Ila ID ni salama zaidi. Siku ukiweka Duplicate (amri ya kunakili picha) ndani ya lupu, dirisha la mbele linakuwa nakala, na `close()` itafunga hiyo nakala badala ya picha uliyokusudia. Na katika lupu yako ya mwanzo, Duplicate bila `close()` ingeongeza `nImages` kila mzunguko. Haiishi hiyo, mpaka kumbukumbu ijae.

Majina ya madirisha usiyategemee pia: `saveAs` hulibadilisha jina liwe la faili jipya.

pikseli16
Zote 10 zimepita, asanteni. Ila mbili ni staki (vipande vingi vya picha katika dirisha moja), na kipande kimoja tu ndicho kilicholainishwa.

lenzi_kavu
Andika `"sigma=2 stack"`. Bila neno hilo makro inashughulikia kipande kinachoonekana tu.

Ukitaka kasi, weka `setBatchMode(true)` baada ya kukusanya ID, picha mpya zisichorwe kwenye skrini. Lakini picha zilizozaliwa humo hupotea makro ikiisha, kwa hiyo kama unazihitaji malizia na `setBatchMode("exit and display")`.